Jengo la Watu Wote: Maneno Juu ya Marehemu Beda Amuli na Ukumbi Wetu

Hotuba iliyotolewa ukumbini katika maadhimisho ya hekalu letu, Morogoro



Kamati ilipotuomba tuseme maneno machache siku ya leo, yamkini ilitazamia tueleze historia ya hekalu. Historia hiyo wazee wamekwisha kuiandika katika kitabu cha kumbukumbu mtakachopewa mlangoni, na hatuna la kuongeza. Tumechagua kusema habari za mtu ambaye hakuwa Mhindu wala mkazi wa Morogoro, na ambaye wengi wa vijana wetu hawajapata kulisikia jina lake, ingawa mkulima wa kabichi wa Mgeta na mfanyabiashara wa mji huu wote wawili wamekwisha kupita chini ya paa lake. Naye ni marehemu Beda Amuli, msanifu majengo aliyelichora Soko Kuu la Kariakoo.

Sababu ya kumchagua mnaijua. Michoro ya ukumbi wetu mpya imekwisha kufika mezani. Mjadala umekuwa mkali, na wengine wamesemezana maneno yasiyopendeza kusemwa karibu na murti. Sisi si wasanifu. Masomo yetu yaliishia sekondari, na umri wetu umepita nyuma ya kaunta ya saruji, nondo na mabati. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi huona ramani nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mjini, kwa kuwa kila mteja huja nayo imekunjwa mfukoni, aitandaze juu ya kaunta na kuuliza mifuko mingapi. Kwa hiyo tumepata kuona ramani zilizochorwa na mtu aliyekwenda kutazama kiwanja, na zile zilizochorwa na mtu ambaye hakukitia mguu. Tofauti yake huonekana hata kwa asiyesoma usanifu. Choo kinatazamana na jiko, mlango unafungukia kwenye ngazi, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila kwa jirani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, majengo ya umma kwa muda mrefu yalichorwa na watu waliotumwa na watawala. Mfano ulio maarufu ni wa Unguja. John Houston Sinclair alikuwa ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyesomea usanifu majengo, akafika Zanzibar miaka ya mwisho ya karne ya 19, na katika utumishi wake akachora jengo la Mahakama Kuu, Posta ya Shangani, na ile Beit al-Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925 kwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu. Cheo chake kilipanda hata akawa Balozi Mkazi wa Uingereza kuanzia 1922 hadi 1924. Sinclair alipenda matao, kuba na nakshi za Kiarabu, na aliyetembea Mji Mkongwe hatakana kwamba majengo yake yanapendeza. Hata hivyo, yatazameni vizuri. Yanapendeza kwa anayeyatazama kutoka barabarani. Mtu aliyefika mahakamani na kesi yake, ametembea kutoka shamba tangu alfajiri, akiwa na mtoto mgongoni, hakuulizwa na yeyote angekaa wapi akisubiri kuitwa. Serikali ilivaa vazi la wenyeji, na chini ya vazi ilikuwa ile ile.

Wala tusidhani kwamba mwenyeji hakuwa na uwezo wa kuchora. Anthony Almeida, Mgoa aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, alikwenda kusomea usanifu Bombay, akarudi, akafungua ofisi yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shule na majengo aliyoyaacha, likiwamo kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanatosha kuwa ushahidi. Alibaki nchini wakati wengi wa jamii zetu za Kiasia walikuwa wakifunga masanduku. Tunamtaja kwa heshima, kisha tunapita, kwa kuwa mtu tuliyemkusudia leo ni mwingine.

Beda Jonathan Amuli alizaliwa mwaka 1938. Alisomea usanifu majengo katika chuo cha Technion mjini Haifa, Israel, akahitimu katikati ya miaka ya 1960, taifa letu likiwa bado linajifunza kutembea. Aliporejea alifanya kazi katika ofisi ya wasanifu wa Kiisraeli iliyoitwa Zevet, ile iliyochora Hoteli ya Kilimanjaro, na mwaka 1969 akasimama peke yake na ofisi yenye jina lake. Hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuwa na ofisi yake ya usanifu majengo. Hakuwa mtumishi wa serikali kwa maana ya kupokea mshahara wa Wizara kila mwezi. Lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya umma, kwa fedha ya umma, na aliipewa akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Kariakoo si kiwanja kitupu. Wajerumani walikuwa wamejenga pale jengo la maonyesho kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokuja, Waingereza wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, na kutoka jina la kikosi hicho cha wachukuzi, kwa matamshi ya watu wetu, ndipo likapatikana jina Kariakoo. Wapagazi wale ndio waliobeba chakula na risasi nyuma ya majeshi, nayo majeshi hayo yaliingia mji wetu huu wa Morogoro mwezi Agosti 1916 na kuendelea kupigana kuzunguka milima hii ya Uluguru. Wengi wa wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kwa hiyo jina la soko kubwa kuliko yote nchini ni jina la watu waliobeba mizigo ya wengine vichwani. Baadaye jengo la Wajerumani likawa soko, na likaendelea kuwa soko mpaka halikutosha tena.

Amuli angeweza kuchora jumba. Angeweza kuweka nguzo ndefu mbele na ngazi pana, na viongozi wangepigwa picha wakipanda. Badala yake alianza na swali dogo: soko la Mwafrika ni nini? Akajibu kwamba ni watu waliokaa chini ya mti. Mti ni kivuli, na kivuli hakina ukuta. Muuzaji anaonekana kutoka pande zote na upepo unapita. Mvua ikinyesha watu wanajisogeza karibu na shina. Basi akachora msitu wa zege, nguzo ambazo juu zinafunguka kama miavuli iliyopinduliwa, kila moja ikikabidhiana na mwenzake mpaka paa likakamilika. Chini yake pakabaki wazi, hewa inaingia bila kuombwa, na joto la Dar es Salaam linapanda juu na kutoka.

Na kwa nini mwavuli upinduliwe? Hapa ndipo tunapompenda zaidi sisi wauza mabati. Paa la kawaida hufukuza maji, lakini paa la Amuli linayapokea. Mvua inayoanguka juu ya ile miavuli hukusanyika katikati na kuongozwa chini hadi kwenye matangi. Soko lina haja kubwa ya maji. Panaoshwa sakafu yenye majani ya kabichi na magamba ya samaki, tena vyoo vinahitaji maji kila saa. Msanifu aliona kwamba maji hayo yanaletwa bure kutoka juu, na kwamba kuyamwaga barabarani yawe tope ni upumbavu wa gharama kubwa.

Kisha kuna shimoni. Yeyote aliyepata kupeleka mzigo Kariakoo anaijua Shimoni, ile ghorofa ya chini ya ardhi. Wengine hudhani ni ghala tu, kumbe ni moyo wa mchoro mzima. Biashara ya jumla ilipelekwa chini, magari yenye mizigo yakapewa njia ya kuteremkia, na biashara ya rejareja ikawekwa juu ili mama aliyekuja kununua fungu la mchicha asipambane na lori wala mkokoteni. Aliyepanga hivyo alikuwa amesimama sokoni alfajiri akatazama nani anapita wapi, na nani anamkanyaga nani.

Ujenzi ulifanyika miaka ya mwanzo ya 1970, na Mwalimu Nyerere akalifungua soko mwezi Desemba 1975.

Sasa turudi kwetu, tupande kidogo mlimani. Gari lililobeba kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo kutoka Nyandira na vijiji vingine vya Mgeta huteremka barabara ile ya kona nyingi mpaka Mzumbe, likashika njia kuu kwenda Dar es Salaam. Upande wa pili wa milima, Kinole, Mkuyuni na Matombo, hutoka ndizi, mananasi, mdalasini na pilipili manga. Mama wa Kiluguru aliyelima kwenye mteremko ambao mbuzi angeukataa hubeba tenga lake kichwani mpaka barabarani. Kutoka hapo hulibeba vijana wa kupakia. Mwisho wa safari hulibeba mchukuzi wa Kariakoo, naye hulipwa kwa mzigo, akikimbia. Bei atakayoipata yule mama kule juu imepunguzwa na kila mkono, na kila mahali mzigo ulipokwama. Soko likiwa na njia nyembamba, kabichi inaoza, na hasara hiyo haimpigi dalali. Inapanda mlima kurudi kwa aliyelima. Kwa hiyo mchoro wa mtu mmoja mezani Dar es Salaam mwaka 1970 ulikuwa na neno katika sufuria ya mtu wa Nyandira ambaye hajapata kumwona msanifu maishani mwake.

Tumesema neno hili kwa makusudi, kwa sababu milima yetu inajua pia kinyume chake. Wazee wa hapa wanakumbuka habari za matuta. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wataalamu walikuwa na hoja ya kweli: misitu ilikuwa inakatwa, udongo ulikuwa unateremka, na mito inayonywesha nchi ya chini, Ruvu ikiwamo, ilikuwa inabeba tope. Dawa waliyoiandika ofisini ilikuwa matuta ya ngazi, na kila mtu akalazimishwa kuyachimba. Sehemu kubwa ya upande wa mashariki, udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kuuinua juu ule usiozaa. Mkulima aliona kwa macho kwamba amefanya kazi ngumu ili avune kidogo. Alisema, hakusikilizwa. Na wale wa Mgeta walikuwa na njia yao ya zamani ya matuta, ya kufukia majani ndani ya udongo, ambayo ingefaa kuulizwa kwanza. Mwaka 1955 maelfu ya watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango wote ukaachwa. Udongo uliendelea kuteremka, na sasa neno la hifadhi likawa na harufu mbaya masikioni mwa watu kwa miaka mingi.

Wataalamu wale hawakuwa wajinga, na tunataka vijana wetu wahandisi mlisikie vizuri jambo hili. Walikuwa na vipimo sahihi vya mvua na mteremko. Walichokosa ni saa chache za kukaa na mwenye jembe.

Tuiweke basi Matombo ya 1955 upande mmoja, na Kariakoo ya 1975 upande wa pili. Kati yake ni miaka ishirini tu, na milima ni ile ile inayohusika.

Mtu atatuambia kwamba Soko la Kariakoo nalo liliungua. Ni kweli. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ulilipitia, na wafanyabiashara wengi, wakiwamo wa jamii yetu na wa jamii zote, walipoteza mali. Lakini miavuli ya zege ilibaki imesimama. Serikali ikaamua kulikarabati jengo la Amuli, wala haikulibomoa, na jengo jingine jipya likajengwa kando yake. Amuli mwenyewe hakuuona moto huo, alikuwa amefariki mwaka 2016. Tena tuseme wazi kwamba muda mrefu kabla ya moto, shughuli zilikuwa zimelizidi soko. Njia zilizochorwa kwa ajili ya watu kupita zilijaa meza, na palipoachwa wazi kwa ajili ya hewa pakazibwa kwa mbao na mahema. Msanifu anaweza kuacha njia. Hawezi kurudi kila asubuhi kuwaondoa waliokaa juu yake. Hiyo ni kazi ya wenye jengo.

Hata mjini kwetu tunalo soko jipya. Soko Kuu la Chifu Kingalu lilizinduliwa na Rais Magufuli mwezi Februari 2021, mwezi mmoja kabla ya kifo chake, likapewa jina la watawala wa Kiluguru ambao makao yao ni Kinole. Ni jengo la ghorofa. Hatulisifu wala hatulilaumu leo, ila tunawaomba vijana wanaosomea ujenzi waende pale saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na daftari, wasimame saa nzima, wamtazame mwenye tenga anapita wapi.

Sasa ukumbi wetu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo katika mjadala yamechanganywa. Hekalu na ukumbi si kitu kimoja. Hekalu lina kanuni zake za kale. Kule Gujarat upo ukoo wa Sompura ambao kazi yao kizazi baada ya kizazi ni kuchora mahekalu. Prabhashankar Sompura ndiye aliyechora Somnath jipya lililowekwa wakfu mwaka 1951, na mjukuu wake ndiye aliyechora hekalu la Ram kule Ayodhya. Vipimo vya chumba cha murti, upande wa mlango na urefu wa shikhara havipigiwi kura, na hakuna aliyependekeza kuvigusa. Ukumbi hauna andiko. Ukumbi ni wa watu, na kipimo chake ni watu wenyewe. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kuukosoa mchoro wa ukumbi ni kumkosea Mungu.

Mchoro ulioletwa na vijana wetu walioko Leicester umefanywa kwa mapenzi na kwa fedha yao, na tunawashukuru kwa dhati. Una ghorofa mbili, maduka manne mbele, na ukuta wa kioo kuanzia chini hadi juu. Tumeutandaza juu ya kaunta kama tunavyotandaza ramani za wateja. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

Ukuta wa kioo umetazama magharibi. Kule Uingereza jua la jioni ni mgeni anayekaribishwa. Hapa Morogoro mwezi wa Januari, saa kumi alasiri, ukumbi huo utakuwa tanuri, na bili ya umeme ya kupozea hewa itazidi sadaka ya mwezi. Milima iko kusini. Kioo kikitakiwa, na kiwekwe kusini chini ya upenu mpana, wageni wa harusi wauone Uluguru ukivaa wingu lake, na ukuta wa magharibi uwe wa matofali ya matundu ambayo mafundi wetu wanayajua tangu enzi za babu zetu.

Paa linamwaga maji yote uani. Tufanye hesabu ya dukani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 400, ikinyesha milimita 50 usiku mmoja wa masika, linapokea lita 20,000. Hizo ni lita ambazo siku ya mahaprasad tunazinunua kwa boza. Gata nzuri na tangi chini ya ua ni gharama ndogo kuliko kioo cha ghorofa moja, na msiseme tunapigia debe duka letu, nunueni gata popote mpendapo.

Jiko limewekwa nyuma, dirisha moja, bila bomba la moshi. Tuliuliza: ni mama yupi kati ya wanaopika siku ya Diwali na siku tisa za Navaratri aliyeonyeshwa mchoro huu? Jibu lilikuwa kimya. Tukawaendea sisi, tukakaa nao jioni mbili. Walituambia mambo ambayo hakuna mwanamume katika Kamati aliyeyawaza. Kwamba sufuria ya watu 500 haipiti mlango wa sentimita 80 ikiwa imebebwa na watu wawili. Kwamba mahali pa kuoshea vyombo pawe nje chini ya paa, kwa sababu wanaoosha huosha wameinama mpaka usiku wa manane. Kwamba kijana wa Kiluguru anayetusaidia kuchota na kukata kuni amekuwa akila amesimama kwa miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyemchorea mahali pa kukaa. Hili la mwisho lilituingia sana.

Viatu. Mchoro mzima hauna mahali pa viatu. Tunacheka, lakini siku ya sikukuu watu mia nne huvua viatu mlangoni, na bibi zetu huvirukia kwa miguu isiyoweza kuruka. Na bibi hao hao wamewekewa ukumbi wa chakula ghorofani bila njia ya mteremko.

Lililo zito zaidi tumeliweka mwisho. Mchoro unaondoa baraza ya mbele na kuweka maduka. Sisi ni wafanyabiashara. Kodi ya maduka manne barabarani ni fedha nzuri, na kama yakijengwa tungekuwa wa kwanza kupanga foleni. Lakini semeni, baraza ile ni ya nani? Kila siku ya mvua wanasimama pale wanafunzi wakisubiri daladala. Wauza matunda hupumzisha vichwa vyao pale adhuhuri. Tunapofanya kambi ya macho, wagonjwa kutoka vijijini hulala pale usiku mmoja kabla, ili wawahi namba. Hakuna aliyewahi kuwafukuza, na hakuna aliyewahi kuwaandikia ruhusa. Babu zetu walijenga upenu mpana, wakaweka benchi la saruji kwa nje ya ukuta, upande wa barabarani, wala si ndani. Hawakuwa wasanifu. Walikuwa wamefika nchi hii wakiwa wamebeba mizigo yao wenyewe, wakajua thamani ya mahali pa kuutua.

Tukiweka milango ya chuma inayoteremshwa saa kumi na mbili jioni, mji utaona mgongo wetu. Katika nchi ambayo jamii yetu imekuwa ikiulizwa mara kwa mara kama kweli ni yake, tunaona ni hatari kuufunga upande huo wa jengo kwa ajili ya kodi. Maduka yakiwa lazima, yawekwe uchochoroni upande wa mashariki. Kodi itapungua kidogo, na baraza itabaki.

Balkrishna Doshi, Mhindi wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker mwaka 2018, ambaye ofisi yake ilikuwa Ahmedabad kwa ndugu zetu, aliwachorea watu wa kipato cha chini kule Indore makazi ya Aranya kwa namna ya kuwaachia nafasi wayamalizie wenyewe kadiri ya uwezo wao. Tunamtaja kwa ajili ya wale wasiokubali hoja mpaka ipitie Gujarat kwanza.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa Kamati ni hili. Mchoro wa Leicester usitupwe, upelekwe kwa msanifu aliyesajiliwa na Bodi hapa nchini, naye apewe sharti moja kabla ya malipo ya kwanza: akae hapa siku ya mahaprasad tangu saa kumi alfajiri, pia siku ya kawaida ya mvua, na aongee na kina mama wa jikoni, Maharaj, mlinzi, na yule kijana wa kuni. Tena fedha ya matengenezo itengwe tangu mwanzo, kila mwaka, katika hesabu inayosomwa mbele ya wanachama, kabla majina ya wafadhili hayajachongwa kwenye marumaru. Sisi tumeahidi saruji ya msingi na ya tangi la maji, na ahadi hiyo haitegemei mchoro upi utapita.

Nakala za michoro zimebandikwa kwenye ukuta wa baraza, upande wa nje, kwa idhini ya Mwenyekiti. Tumeweka hapo daftari, na kalamu imefungwa kwa kamba. Atakayepita aandike, awe mwanachama au asiwe. Kamati itakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu saa nne asubuhi, na daftari litasomwa lote.